Gari kutowaka (hitilafu za umeme)
Injini kushindwa kuwaka kwa sababu ya umeme. Uchunguzi huanzia kwenye betri: iliyojaa na kutulia husoma volti 12.6 hivi, ikishuka chini ya 9.6 stata inapopigwa, betri imechoka. Katika sehemu kavu kama Dodoma, joto la Oktoba na Novemba hukausha maji ya betri (huongezwa maji safi yasiyo na chumvi, kamwe si asidi). Taa zikififia huku stata ikitoa “ta!” moja, shuku betri au nyaya zilizolegea, zikibaki angavu na stata kimya, chunguza fyuzi, relei, swichi, kisha stata yenyewe, ambayo wengi huibadilisha bure.