Ziada, Ongezeko na Mauzo

Maseremala wa jua kali pale Ngong Road, Nairobi, husema VAT tu. Magazeti ya Kenya huandika "ushuru wa ziada ya thamani", Tanzania husema "kodi ya ongezeko la thamani". Mimi nasimama na Watanzania. "Ziada" huwafanya watu waone kitu kilichobandikwa juu ya bei. "Ongezeko" linataja kazi ya fundi. Mbao, gundi na vanishi viliingia na thamani yake, kabati likatoka na thamani kubwa zaidi, na serikali inataka sehemu ya hiyo tofauti. Hesabu hiyo ndiyo iliyochukua nafasi ya kodi ya mauzo nchini Kenya mwaka 1990.

Ila mlangoni pa usajili wa VAT lugha hubadilika. Sheria ya VAT ya Kenya ya 2013 haiulizi ongezeko wala faida; inauliza mauzo: shilingi milioni 5 kwa miezi kumi na miwili. Fundi aliyenunua vifaa vya milioni 4 akauza samani za milioni 5.1 ameshavuka, hata kama mfukoni anahisi amebaki na chenji.

Aliye chini ya hapo anaweza kujisajili kwa hiari, na hapo ningemuuliza kwanza wateja wake ni nani. Tuseme kabati limekula vifaa vya 50,000, juu yake VAT ya 8,000, naye anataka 50,000 ya jasho lake. Asiyesajiliwa hadai ile 8,000 popote, kwa hiyo huuza 108,000. Aliyesajiliwa huanzia 100,000, huongeza asilimia 16, na bei inakuwa 116,000. Maharusi wanaoanza nyumba watamkimbilia wa kwanza. Hoteli iliyosajiliwa itakwenda kwa wa pili, maana 16,000 zile itazitoa kwenye kodi yake yenyewe, na kabati litakuwa limeigharimu 100,000.

Basi fundi wa majumbani angoje. Mwenye zabuni za mahoteli asingoje, mradi awe na ankara za eTIMS, mfumo wa kielektroniki wa mamlaka ya kodi, za vifaa vyake: mbao alizouziwa na mtu asiyesajiliwa hazina kodi ya kudai. Na ritani hupelekwa kila mwezi kufikia tarehe 20, hata ule mwezi ambao hakuuza hata stuli.