Kanga Kuukuu ya Bibi

Mimi nimelelewa Nguvumali, hapa Tanga mjini, katika nyumba ambayo zamani haikuwa na bomba uani. Maji tulikuwa tukiteka kisimani. Bibi yangu hamimini maji mtungini mpaka aufunge mdomo wake kwa kipande cha kanga kuukuu, amekikunja tabaka nne. Ukimletea kitambaa kipya anakirudisha. "Mume wangu," ananiambia, "kipya kina matundu. Nipe kile kilichochakaa." Kisha ndipo anateleka sufuria, anachemsha.

Nilipomaliza kidato cha nne nikajiona msomi, bwana! Nikamcheka. Nikamwambia, "Bibi, kijidudu cha maradhi hakionekani kwa macho, kitazuiwaje na kanga?" Siku moja nikakichukua kile kitambaa nikafutia viatu. Wiki ile ile mtoto wa dada yangu alikunywa maji niliyoyateka mimi, hayakuchujwa wala kuchemshwa. Akaharisha siku tatu. Namshukuru Mungu alipona. Bibi hakunigombeza hata neno moja, na ukimya ule uliniuma kuliko bakora. Ndipo nikaanza kusoma habari za machujio.

Kumbe hadithi yenyewe ni ndefu. Mwaka 1804, katika mji wa Paisley huko Scotland, John Gibb, mwenye kiwanda cha kupausha nguo, alijenga chujio la mchanga na changarawe kwa ajili ya kazi yake. Maji yaliyozidi akawauzia watu wa mji. Mwaka 1829 James Simpson akajenga chujio kubwa la namna hiyo London. Wakati huo ilikuwa bado haijathibitishwa kwamba vijidudu huleta maradhi. Walitaka maji meupe tu.

Ushahidi ulikuja kwa msiba. Mwaka 1892, Wajerumani wakiwa wameshaitia mkononi pwani yetu hii, kipindupindu kiliingia mji wao wa Hamburg. Watu zaidi ya 8,000 walikufa. Jirani yake ni Altona, mji uliokuwa ukinywa maji ya mto ule ule wa Elbe, tena kwa chini, yalikokwisha kupita uchafu wa Hamburg. Kwa akili ya kawaida Altona ndiyo ingeangamia. Haikuangamia. Altona ilichuja maji yake kwa mchanga, Hamburg haikuchuja. Palikuwa na barabara iliyogawa miji hiyo miwili: upande huu vilio, upande ule salama. Mganga Robert Koch, aliyekuwa amekwisha kumtambua mdudu wa kipindupindu, aliuchukua mfano huo kuwaonyesha walimwengu nguvu ya mchanga. Koch huyo huyo baadaye alifika huku kwetu Afrika Mashariki kuchunguza malaria na malale.

Na siri ya mchanga ni nini? Si mchanga peke yake. Maji yakipita polepole, juu ya mchanga huota utando wa utelezi. Ukiuona utasema uchafu. Lakini ndani ya utando huo wamo viumbe wadogo wanaowala wale wabaya.

Leo maji ya Tanga yanatoka Mto Zigi, unaoteremka kutoka Usambara Mashariki. Yanazuiwa kwenye bwawa la Mabayani, lililojengwa mwaka 1978, kisha yanasafishwa Mowe kabla ya kuingia mabombani.

Sasa tumrudie Bibi. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa vijijini Bangladesh, ukiongozwa na mama mmoja mtaalamu, Rita Colwell. Wanawake wa vijiji hivyo walifundishwa kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa tabaka kadhaa. Kipindupindu kikapungua kwa asilimia 48, karibu nusu! Kijidudu aliye peke yake hupenya kwenye nguo, hapo mimi sikukosea. Lakini wengi wao hupanda juu ya vidudu vingine vya majini, vikubwa kuliko wao, na hivyo ndivyo nguo inavyovinasa. Tena nguo kuukuu hushinda mpya, kwa sababu nyuzi zake zimelegea na kuziba matundu. Bibi alijua hivyo bila darubini. Na kwa kuwa nguo haimalizi kazi, alichemsha.

Wala kwetu Tanzania watu hawakulala. Askwar Hilonga, kijana wa kijiji cha Gongali, Karatu, alisomea uhandisi wa kemikali mpaka Korea Kusini, akarudi Arusha na kutengeneza chujio la mchanga uliotiwa chembechembe ndogo mno zinazonasa hata floraidi. Mwaka 2015 alipata Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi, akiwa mshindi wake wa kwanza. Yeye hakuudharau mchanga wa wazee. Aliuuliza unakosa nini, akauongezea.

Hapo ndipo nilipojiona mdogo. Mimi nilicheka kabla ya kuuliza. Jungu kuu halikosi ukoko, wenzangu wa kalamu, na sisi tunaoota kuandika riwaya tutafute historia hata kwenye mdomo wa mtungi.

Juzi nilimpelekea Bibi kipande cha kanga iliyochakaa. Akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakitazama kwa muda.

"Hiki sawa," akasema. "Kifue kwanza."