Falanksi katika michezo ya mkakati

Falanksi katika michezo ya mkakati ni namna watengenezaji wa michezo ya kompyuta wanavyoiga safu ya askari wa miguu wa Ugiriki ya kale, yaani mahopliti, waliopigana bega kwa bega huku ngao ya kila mmoja ikimkinga na mwenziwe. Safu hiyo imekuwemo katika michezo mikubwa ya aina hii tangu 1991, na ndiyo picha ya vita vya ngao inayojulikana zaidi na vijana, hata wale ambao hawajawahi kusoma historia ya Ugiriki. Katika Kenya magharibi, kati ya Bungoma na Kitale, ipo historia ya vita vya ngao na ngome iliyo karibu zaidi kwa miaka na kwa mahali, ila michezo hiyo haikuigusa. Imeelezwa hapa chini kwa sababu inapima vizuri uwezo wa michezo hiyo.

Safu yenyewe

Ngao ya hopliti ilikuwa ya duara, ya mbao iliyobonyea kwa ndani, mara nyingi ikivikwa shaba usoni. Kipenyo chake kilifika sentimita 90 hivi, na uzito wake hukadiriwa kuwa kati ya kilo 6 na 8. Askari alipitisha mkono wa kushoto katika bangili iliyofungwa katikati ya ngao hadi karibu na kiwiko, kisha akashika kamba ya ukingoni kwa vidole. Kwa mshiko huo, sehemu kubwa ya ngao ilitokeza nje ya mwili wake upande wa kushoto, ikamfunika jirani. Ubavu wake mwenyewe wa kulia, ulio upande wa mkono wa mkuki, ulitegemea ngao ya mtu mwingine.

Mwanahistoria Thucydides, akieleza vita vya Mantinea vya 418 KK, anasema majeshi yote hupinda kuelekea kulia yanapokaribiana, kwa kuwa kila mtu anajisogeza chini ya ngao ya aliye kuliani kwake. Anayeanzisha kupinda huko ni yule wa mwisho kabisa upande wa kulia, ambaye hana wa kumkinga na anajaribu kuuondoa ubavu wake mbele ya adui. Kina cha safu mara nyingi kilikuwa watu 8. Pale Leuctra, 371 KK, Epaminondas wa Thebes alirundika watu 50 kwa kina upande wake wa kushoto, akaivunja Sparta na mfalme wake Cleombrotus akauawa. Lakini safu hiyo haikuwa mali kitu kwenye ardhi mbovu: katika kisiwa cha Sphacteria, 425 KK, Wasparta walichoshwa kwa mishale, mawe na mikuki midogo ya kurushwa hadi wakasalimu amri.

Wanahistoria hawajakubaliana safu hizo zilipogongana nini kilitokea. Victor Davis Hanson, katika kitabu chake cha 1989, alishikilia kwamba palikuwa na msukumano wa miili kwa maana halisi, walio nyuma wakiwasukuma wa mbele kwa ngao. Hans van Wees, mwaka 2004, alitetea safu iliyo wazi zaidi, yenye nafasi ya mtu kusogea mbele na kurudi. Mabishano hayo yana uzito kwa mtengenezaji wa mchezo, maana ni lazima aamue: askari wake wabanane au waachane?

Michezo ya zamu

Mchezo ulioitangaza falanksi ni Civilization wa Sid Meier (1991). Humo falanksi ni kikosi cha kwanza cha maana cha ulinzi, kinachopatikana mara taifa linapojua kufua shaba: shambulio 1, ulinzi 2, mwendo 1. Hakuna safu wala jirani. Ni picha moja kwenye mraba mmoja. Ustadi wote wa kina cha watu 8 umegeuzwa kuwa tarakimu.

Tarakimu hizo zilizaa kichekesho ambacho wachezaji wa zamani hawajakisahau. Pambano liliamuliwa kwa bahati iliyopimwa kwa nguvu za pande mbili, na aliyeshindwa alifutika kabisa. Kuta za mji zilizidisha ulinzi mara tatu, kwa hiyo falanksi iliyo nyuma ya ukuta ilikuwa na ulinzi wa 6. Kifaru cha vita cha karne ya 20 kilishambulia kwa 10. Kwa hesabu hiyo, katika kila mapambano 8, watu wa mikuki walikishinda kifaru karibu mara 3. Civilization II (1996) ilitibu aibu hiyo kwa kukipa kila kikosi akiba ya uhai inayopungua kidogo kidogo, na silaha za kisasa zikapewa akiba kubwa zaidi.

Civilization III (2001) iliwapa Wagiriki hopliti wao wenyewe mahali pa askari wa mkuki wa kawaida, na ulinzi ukapanda hadi 3. Hatua ya maana zaidi ilikuja baada ya miaka 15. Katika Civilization VI (2016), hopliti huongezewa nguvu 10 akiwa amesimama jirani na hopliti mwingine. Ukimtenganisha, nguvu hiyo inapotea. Ni kanuni ya mstari mmoja tu, lakini ndiyo ya kwanza katika mfululizo huo kukiri kwamba ngao ya hopliti ilikuwa pia ya mwenzake.

Field of Glory II (2017), mchezo wa watu wachache wenye subira nyingi, unakwenda mbali zaidi: mahopliti wakiingia kwenye ardhi mbovu mpangilio wao huvurugika na faida ya mikuki yao huisha. Sphacteria inaweza kurudiwa humo bila kulazimisha.

Michezo ya papo kwa papo

Age of Empires (1997) ilikuwa na hopliti anayefunzwa katika akademia, ambaye mchezaji aliweza kumpandisha cheo hadi falanksi na kisha senturioni. Ajabu ni kwamba hata kikosi kilichoitwa falanksi hakikuweza kupanga safu: askari walikwenda kama kundi la watu wanaokimbilia matatu. Mipangilio ya safu ililetwa na toleo la pili, 1999, ambalo halikuwa na Wagiriki wa kale.

Rome: Total War (2004), ya kampuni ya Uingereza ya Creative Assembly, ndiyo iliyowafanya wachezaji waione falanksi kwa macho. Kikosi kinabofywa, kitufe cha falanksi kinabonyezwa, na safu nzima inaganda: ngao zinainuliwa, mikuki inashuka kwa pamoja hadi usawa wa kifua, mwendo unakuwa wa kujikokota. Farasi wakiivamia kwa mbele wanachomwa wote. Ila kikosi kidogo cha wapanda farasi kikizunguka nyuma, askari hawawezi kugeuka kwa wakati. Bendera inaanza kumetameta na watu wanatupa ngao na kukimbia. Somo hilo la ubavu na mgongo mchezo umelifundisha vizuri kuliko vitabu vingi.

Kosa lake ni la mkuki. Mahopliti wa mchezo huo wanapigana kama askari wa Makedonia wa baadaye, walioshika kwa mikono miwili mkuki mrefu mara mbili ya ule wa hopliti. Wachezaji waliotengeneza nyongeza ya bure iitwayo Europa Barbarorum walilirekebisha hilo wenyewe, wakawarudishia mahopliti mkuki wa mkono mmoja unaochomwa kutoka juu ya bega. Ule mpindo wa kuelekea kulia, ambao Thucydides aliuona kuwa tabia ya kila jeshi, michezo imeuacha. Mchezaji anayebofya mbele anatarajia watu wake waende mbele.

Mchezo wa 0 A.D., unaotengenezwa na watu wa kujitolea wa Wildfire Games na kufunguliwa msimbo wake mwaka 2009, una safu ya falanksi kwa majeshi ya Athene, Sparta na Makedonia. Haulipiwi chochote. Mwaka 2018 uliongeza taifa la Kushi la bonde la Nili, jambo ambalo kampuni nyingi zenye fedha hazijafikiria.

Ngao za Afrika

Kwa muda mrefu ngao ya Afrika katika michezo hii imekuwa ya Wazulu peke yao, ambao wamo tangu Civilization ya kwanza. Nyongeza ya Civilization V ya 2013 iliwapa kikosi kinachorusha mkuki kabla ya kukabiliana ana kwa ana. Afrika Mashariki imewakilishwa zaidi na Ethiopia, kwa mfano katika Age of Empires II tangu 2015.

Bungoma: Lumboka na Chetambe

Wabukusu wa kusini mwa Mlima Elgon walipigana kwa mkuki na ngao ya ngozi, lakini kinga yao kubwa haikushikwa mkononi. Ilikuwa kijiji chenyewe. Kwa kuandamwa na wavamizi wa mifugo, hasa Wamaasai wa Uasin Gishu, walijenga vijiji vilivyozungukwa na handaki na ukuta wa udongo, walivyoviita chingoba. Malango yalikuwa machache na membamba, na aliyeingia alilazimika kuinama. Mvamizi aliyekuja na ngao kubwa ilimbidi aishushe au aigeuze ndipo apite, na wenye mji walikuwa wakimsubiri upande wa pili. Msafiri Joseph Thomson alipopita kwa Wawanga mwaka 1883 alikuta miji iliyojengwa kwa mtindo wa jinsi hiyo, kwa hiyo haukuwa wa Wabukusu pekee.

Mwaka 1895 mtindo huo ulikutana na bunduki ya rashasha ya Maxim. Charles William Hobley alikuwa ametumwa Mumias mwanzoni mwa mwaka huo kuanzisha utawala wa Waingereza. Bunduki za askari watoro zilikuwa zimefika mikononi mwa Wabukusu, na kikosi cha askari wa Kisudani kilichokwenda kuzidai kilishambuliwa na kuangamizwa. Jibu la serikali lilikuwa jeshi kubwa la mchanganyiko: askari wa Kisudani, Waganda waliokuja na ofisa William Grant, Wamaasai, na watu wa Mumia, mfalme wa Wawanga. Ngome ya Lumboka ilianguka kwanza. Walionusurika wakakusanyika Chetambe, juu ya kilima kinachotazama mji wa sasa wa Webuye, nako wakashindwa baada ya mapigano makali. Watu wengi waliuawa, mifugo ikachukuliwa, na wanawake na watoto wakatekwa. Taarifa nyingi zilizoandikwa kuhusu vita hivyo zinatokana na Hobley mwenyewe, ambaye aliwaita Wabukusu Wakitosh na ambaye kumbukumbu zake zilichapwa 1929. Msomaji ataelewa kwa nini humo bunduki ina maelezo mengi kuliko waliouawa. Simulizi za wenyeji zinalihusisha jina la kilima na mzee wa Kitachoni aliyekuwa na boma hapo.

Kwa mtengenezaji wa mchezo, Chetambe ni mtihani mgumu. Michezo iliyotajwa juu imejengwa juu ya dhana ya uwanja wazi na majeshi mawili yanayotazamana, na ngome humo ni ya mawe, yenye minara. Hapa mlinzi yumo ndani ya duara la udongo pamoja na ng'ombe, watoto na akiba ya chakula, na nguvu yake yote iko langoni. Kanuni za Civilization ya 1991, zilizochekwa sana, zingempa mtu huyo wa mkuki nafasi nzuri nyuma ya ukuta wake. Bunduki ya Maxim haikumpa.

Elijah Masinde, mwanzilishi wa Dini ya Msambwa, aliwaongoza maelfu ya wafuasi kwenda Chetambe mwaka 1947 kuwakumbuka waliouawa, na mkutano huo uliishtua serikali ya kikoloni. Mabaki ya handaki bado yanaonekana kilimani.

Kitale

Makumbusho ya Kitale, mahali pa kuanzia kwa anayetaka kuijua historia ya eneo hili, yalitokana na mkusanyiko wa Hugh Stoneham, mwanajeshi mstaafu aliyependa zaidi vipepeo na ndege, ulioanzishwa 1926. Alifariki 1966 na kuuachia umma mkusanyiko huo. Jengo la sasa lilifunguliwa 1974. Ni makumbusho ya kwanza ya bara nchini Kenya, na uwanjani mwake zimejengwa nyumba za jamii za magharibi. Katika eneo hilo kuna pia mashimo ya Sirikwa, mazizi ya kale yaliyochimbwa kwenye miteremko.

Hali ya sasa

Katika vibanda vya PlayStation vya Kitale na Bungoma mchezo unaotawala ni mpira, unaolipiwa kwa mechi, na michezo ya mkakati inabaki kwa wenye kompyuta. 0 A.D. huchezwa bila intaneti ikishapakuliwa. Rome: Total War ilitolewa kwa simu za Android mwaka 2018, na Rome Remastered ya kompyuta ikafuata 2021, zote mbili zinawaonyesha mahopliti na ule mkuki mrefu wa 2004.