KANISA LA NYUMBANI: SIKUKUU ZA UGENINI KUTOKA RABAI HADI KISUMU NDOGO

1. Utangulizi

Katika Kiswahili cha Nairobi, maneno kanisa la nyumbani yana maana mbili. Kwanza, ni kanisa linalokutana katika nyumba ya mtu, pasipo jengo maalumu la ibada. Pili, ni kanisa la kule mtu alikotoka: lile la mashambani alikobatizwa, analolipelekea mchango wake, na ambalo hutumaini kwamba litamwombea siku ya kuzikwa kwake. Maana inayokusudiwa hujulikana kwa muktadha tu. Mwanasarufi angeweza kusema kwamba huu ni utata wa kawaida uletwao na kiambishi -ni, kisha akauacha hapo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba utata huo una historia, na kwamba historia hiyo inaunganisha makundi mawili ya watu ambayo kwa kawaida hayawekwi pamoja. Kundi la kwanza ni jamaa za wamisionari wa kigeni waliofika Afrika ya Mashariki kuanzia mwaka 1844. La pili ni jamaa za wafanyakazi kutoka Nyanza na Magharibi ya Kenya waliofanya makao yao Kisumu Ndogo katika Kibera, na vilevile katika Kawangware. Makundi yote mawili yaliishi ugenini, yote mawili yalilazimika kuadhimisha sikukuu mbali na kwao, na yote mawili yaliigeuza nyumba kuwa kanisa kwa sababu hiyo.

2. Nyumba ya mmisionari

Historia ya misheni imezoea kuandikwa kwa kufuata vituo, shule na mitambo ya kupigia chapa. Lakini kabla ya kuwa kituo, misheni ilikuwa nyumba. Johann Ludwig Krapf, mzaliwa wa Württemberg aliyetumwa na Church Missionary Society, alifanya makao Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosine. Mwezi Juni mwaka huo alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili kwa msaada wa kadhi wa Mombasa. Mwezi Julai mkewe alifariki kwa homa baada ya kujifungua mtoto wa kike, na mtoto naye akamfuata siku chache baadaye. Krapf aliwaandikia wakuu wake kwamba kaburi hilo lilikuwa alama ya kuanza kwa kazi yao katika pwani hii. Mara nyingi barua hiyo hutajwa kama ushahidi wa ushujaa. Ni nadra kukumbukwa kwamba tafsiri ile ya kwanza na msiba ule vilitokea katika nyumba moja, katika muda usiozidi majuma sita.

Johannes Rebmann alipowasili mwaka 1846, wawili hao walihamia Rabai. Kituo kilikuwa cha wanaume wawili, na sikukuu zilizofuata zilikuwa sikukuu za nyumba isiyo na jamaa. Rebmann alioa mwaka 1851. Mkewe Emma akaishi naye pwani hadi alipofariki mwaka 1866. Yeye mwenyewe alirejea Ulaya mwaka 1875 akiwa kipofu, baada ya karibu miaka 30. Huko Unguja, wamisionari wa Universities' Mission walifuata desturi ya kutooa, na kwao sikukuu haikuwa ya jamaa bali ya kanisa zima: ndiyo maana jiwe la msingi la kanisa kuu la Mkunazini liliwekwa siku ya Krismasi mwaka 1873, mahali palipokuwa soko la watumwa. Njia ya tatu ilijaribiwa Ukambani. Peter Cameron Scott, aliyeanzisha Africa Inland Mission mwaka 1895, aliletewa wazazi wake na dada yake kuishi naye bara. Alifariki huko Nzaui mwezi Desemba 1896, Krismasi ikiwa karibu.

Mifano hii mitatu yaonyesha kwamba wamisionari wenyewe hawakuwa na jibu moja juu ya suala la jamaa na sikukuu ugenini. Walilokubaliana ni jambo moja tu, kwamba nyumbani ni kwingine. Misheni hiyo ya Scott ilifungua shule ya watoto wa wamisionari huko Kijabe mwaka 1906, na watoto wa misheni nyingine nyingi walipelekwa ng'ambo kusoma. Mtoto aliyezaliwa Kenya alifundishwa kuita nyumbani nchi ambayo pengine hajapata kuiona. Kanisa lililowatuma wazazi wake, ambalo fedha na barua zilitoka kwake, lilikuwa kanisa la nyumbani kwa maana ya pili. Kanisa lililokutana sebuleni kwao, kabla jengo halijasimama, lilikuwa kanisa la nyumbani kwa maana ya kwanza. Kwa hiyo maana zote mbili ziliishi chini ya paa moja kabla hazijafika Kibera.

3. Fundisho na kipande

Mwanzoni mwa karne ya 20 nyumba ya mmisionari iliwekwa mbele ya watu wa Nyanza na Magharibi kama kielelezo. Friends walifika Kaimosi mwaka 1902, C.M.S. walianza Maseno mwaka 1906, na Waadventista walianza Gendia mwaka huohuo. Mapadre wa Mill Hill nao walikuwa tayari Kisumu. Fundisho la jamaa lilikaribiana katika misheni zote: mume mmoja na mke mmoja, meza moja, na sala ya jamaa asubuhi na jioni. Fundisho la sikukuu ndilo lililotofautiana. Wakatoliki na Waanglikana walizishika Krismasi na Pasaka kwa kalenda ya kanisa. Friends, kwa mapokeo yao, hawakuona siku moja kuwa takatifu kuliko nyingine. Waadventista waliiheshimu Sabato kuliko sikukuu yoyote ya mwaka. Hivyo kijana aliyetoka Nyanza alibeba sikukuu ya misheni iliyokuwa karibu na kwao.

Reli iliyofika Kisumu mwezi Desemba 1901 ndiyo iliyombeba kijana huyo kwenda Nairobi. Mji huo haukumtarajia awe na jamaa. Kwa sheria ya kipande, iliyotungwa mwaka 1915 na kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, alihesabiwa kuwa mikono ya kazi. Kwa mshahara na kwa malazi alihesabiwa kuwa kapera, hata kama alikuwa na mke na watoto. Mahali pake palikuwa kitanda, si nyumba. Ni mwaka 1954 tu ambapo kamati ya Carpenter ilipendekeza kwamba mshahara wa Mwafrika wa mjini ukadiriwe kwa mahitaji ya jamaa nzima. Kwa muda wa nusu karne, basi, misheni ilimfundisha mtu kuwa na nyumba ya Kikristo, na serikali iliyokuwa rafiki ya misheni ikamnyima nafasi ya kuiweka. Mgongano huu ndio chanzo cha kanisa la nyumbani la mjini, na si umaskini peke yake.

Kibera ilikuwa miongoni mwa sehemu chache zilizotoa mwanya. Ardhi hiyo ilikaliwa kwanza na askari wa Kisudani wa King's African Rifles na jamaa zao, yaani Wanubi, ambao katika lugha yao neno kibra lina maana ya msitu. Wanubi waliruhusiwa kuishi humo na wake na watoto, nao wakapangisha vyumba. Wapangaji kutoka magharibi waliongezeka, hasa baada ya uhuru wa mwaka 1963, na mojawapo ya vijiji vilivyotokea ukaitwa Kisumu Ndogo. Jina hili lastahili kuangaliwa. Halisemi Kisumu Mpya, kama wafanyavyo wahamiaji waliokata shauri kutorudi; linasema Kisumu iliyopunguzwa kimo ili ipate kuenea katika nafasi iliyopo. Kawangware, upande wa Dagoretti, ambako Waluyia wengi walipanga, kuliota mazingira ya namna hiyohiyo.

4. Sikukuu chumbani

Chumba cha Kisumu Ndogo kwa kawaida ni cha futi kumi kwa kumi, au zaidi kidogo, kuta za udongo na paa la mabati, kitanda kimetengwa kwa pazia. Desemba inapokaribia, nauli za mabasi ya kwenda Nyanza na Magharibi hupanda, na wakazi hugawanyika: wawezao husafiri, wasioweza hubaki. Sikukuu ya wanaobaki ndiyo iliyolijenga kanisa la nyumbani. Kitanda husimamishwa ukutani, viti huazimwa kwa jirani, watu hukesha kwa nyimbo, na asubuhi chapati hupikwa jikoni mlangoni. Chumba kilekile huwa kanisa usiku na meza ya jamaa mchana.

Mapokeo matatu yalikutana katika chumba hicho. La kwanza ni la uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, na kufika Kenya mwaka 1937. Uamsho huo uliwazoeza Waprotestanti kukutana nyumbani mwa ndugu, kuungama mbele ya wenzao, na kumwita ndugu mtu wa kabila lingine. La pili ni la makanisa huru. Johana Owalo, mwanzilishi wa Nomiya, alikuwa amefanya kazi mijini kabla ya kulianzisha kanisa lake katika miaka ya 1910. Zakayo Kivuli alianzisha African Israel Church Nineveh mwaka 1942, Matthew Ajuoga aliongoza Church of Christ in Africa kutoka kwa Waanglikana mwaka 1957, na Legio Maria ilitokea mwaka 1963 chini ya Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko. F.B. Welbourn na B.A. Ogot walipochunguza mawili kati ya makanisa haya mwaka 1966, kitabu chao walikiita A Place to Feel at Home. Walikuwa wamegundua kwamba kilichotafutwa kilikuwa mahali ambapo mtu hujisikia yuko kwao, zaidi ya mafundisho mapya. La tatu ni la Wakatoliki. Maaskofu wa Afrika ya Mashariki, katika mikutano yao ya Nairobi ya mwaka 1973 na 1976, waliamua kwamba jumuiya ndogo ndogo za Kikristo ziwe msingi wa kazi ya parokia, na ibada ikarudi tena majumbani.

Yafaa kukumbukwa kwamba wenye nyumba hizi mara nyingi ni wanawake. Mji uliokuwa wa makapera ulipowapokea wake, wao ndio walioamua nani aalikwe, nini kipikwe na wimbo gani uanze. Katika vitabu vya misheni, mke wa mmisionari hutajwa kwa ugonjwa wake na kaburi lake. Katika Kisumu Ndogo mama wa nyumba ndiye nguzo ya kanisa, ingawa jina lake haliandikwi popote.

5. Lugha ya sikukuu

David Barrett, mwaka 1968, alieleza kwamba tafsiri ya Biblia katika lugha za wenyeji ilichangia sana kuzaliwa kwa makanisa huru. Hoja hiyo ina nguvu mashambani. Chumbani Kibera haitoshi, maana Mjaluo, Mluyia na Mkamba wanapokaa kitanda kimoja, Dholuo pekee haiwezi kubeba sikukuu. Hapo Kiswahili kiliingia. Si Kiswahili cha kamati iliyotayarisha Biblia ya mwaka 1952 tu, bali pia kile cha jirani. Neno sikukuu lenyewe lilikuwa la Waswahili Waislamu kwa ajili ya Idi kabla halijavikwa Krismasi, na katika Kibera, ambako mwenye nyumba Mnubi alisherehekea Idi na mpangaji wake Krismasi, neno hilo lilibaki mali ya wote wawili. Noeli ni urithi wa mapadre Wafaransa waliofika Bagamoyo mwaka 1868. Krismasi ni urithi wa Waingereza. Mitaani majina haya mawili hayakuleta ugomvi. Neno jumuiya, nalo, lilivunjika kisiasa mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokufa, lakini majumbani liliendelea kuwakutanisha watu kila juma.

Neno lililobeba mzigo mzito kuliko yote ni nyumbani. Dholuo hutenga ot, yaani nyumba, na dala, yaani mji wa ukoo. Tofauti hiyo ilifikishwa mahakamani baada ya kifo cha wakili S.M. Otieno mwezi Desemba 1986: ilidaiwa kwamba Mjaluo aweza kuwa na nyumba Nairobi, ila nyumbani kwake ni kwa baba zake. Mahakama ilikubali, naye akazikwa Siaya mwezi Mei 1987. Kiswahili hakina maneno mawili yaliyotengana hivyo; kina shina moja na kiambishi. Kwa kuongeza -ni, nyumba ya kupanga yaweza kuitwa nyumbani, na dala nayo ikaitwa nyumbani. Mahakama ilihitaji kuchagua. Kanisa la chumbani halikuhitaji.

6. Hitimisho

Uchunguzi huu una jambo la kudai. Nyumba ya Rabai imeacha shajara, barua, na kamusi iliyochapishwa mwaka 1882. Nyumba za Kisumu Ndogo hazikuacha karatasi, na zenyewe hazidumu. Uchaguzi wa mwaka 2007 ulipigwa siku mbili baada ya Krismasi. Katika ghasia zilizofuata majirani walifukuzana, na mwaka 2008 reli iliyowaleta babu zao iling'olewa papo hapo Kibera. Mwezi Julai 2018 maelfu ya watu walibomolewa nyumba katika Kibera ili barabara ipite. Chumba kikibomolewa, kanisa lililokuwamo hutawanyika pamoja na nyimbo zake, ratiba zake na namna yake ya kusali.

Kwa hiyo mtafiti wa Kiswahili cha dini asiishie katika maktaba za misheni na kumbukumbu za kamati za tafsiri. Anapaswa kukusanya semi za mkesha, sala za mezani, na majina ambayo watu huyapa makanisa yao madogo, maadamu wazee waliozianzisha ibada hizo wangali hai. Wanapoulizwa wanasali wapi, wengi watajibu kwa neno moja, nyumbani. Kazi ya mtafiti ni kutoliharakisha jibu hilo lichague maana moja.