Ujiji: Mji wa misafara uliokimbiwa na ziwa

UJIJI ni miongoni mwa miji mikongwe ya bara nchini Tanzania. Upo kilometa chache kusini mwa Kigoma mjini, mashariki mwa Ziwa Tanganyika, na leo ni sehemu ya Manispaa ya Kigoma/Ujiji.

Wengi huufahamu kwa tukio moja: kukutana kwa Henry Morton Stanley na Dk. David Livingstone mwaka 1871, kunakokumbukwa kwa mnara na makumbusho. Hata hivyo, historia yake ni pana kuliko hapo.

Wenyeji wa asili, Wajiji, ambao ni jamaa za Waha, walikuwa wavuvi na wakulima waliofanya biashara na majirani zao kando ya ziwa. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walifika kutoka pwani, na Ujiji ukawa kituo kikuu cha misafara iliyotokea Bagamoyo kupitia Tabora. Sokoni, shanga zilizoitwa sofi zilitumika kama fedha.

Biashara kubwa ilikuwa ya pembe za ndovu na ya watumwa, waliovushwa kwa mitumbwi kutoka ng'ambo, hasa Manyema, katika Kongo ya leo. Baadhi yao hawakufika pwani. Walibakia Ujiji, wakajenga familia, na vizazi vyao, Wamanyema, wakawa nguzo ya mji huo. Kiswahili na Uislamu vilishika mizizi hapo na kuvuka ziwa kuelekea Kongo.

Kudidimia kwa Ujiji kulianza na maji yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1870, ziwa lililokuwa limejaa lilifungua njia kupitia Mto Lukuga, upande wa Kongo. Kina kilishuka kwa mita kadhaa na ufukwe ukasogea mbali na mji. Kigoma ilikuwa na ghuba yenye kina, na reli kutoka Dar es Salaam ilipofika huko mwaka 1914, bandari na biashara vilihamia Kigoma.

Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia ya misafara hiyo, Ujiji ukiwamo, katika orodha ya awali ya maeneo yanayopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia wa UNESCO. Mnara wa Ujiji unawakumbuka wasafiri wawili wa Ulaya. Maelfu waliopitishwa hapo utumwani hukumbukwa zaidi kupitia vizazi vyao.