Stika kwenye kioo, breki je?

Wadau, Makambako ndipo barabara ya kutoka Songea na Njombe inapoikuta ile ya Dar es Salaam–Tunduma, na mabovu ya pande zote hukutana hapo. Sheria ya Usalama Barabarani, Na. 30 ya 1973, ilikataza gari bovu barabarani na kuruhusu likaguliwe. Lakini wenye magari wengi ukaguzi wanaujua kwa stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama, na lawama yao ni ya miaka mingi: unalipa, unabandika, breki hakuna aliyezigusa.

Nawaunga mkono nusu tu. Mjomba aliwahi kuletewa stika pikapu yake ikiwa juu ya mawe gereji. Alicheka sana. Mimi niliyepanda nayo kwenda Njombe wiki iliyofuata, sikucheka.