Kambi ya Kisiwa cha Brownsea, 1907

Wasikilizaji wetu, katika maongezi haya twapenda kueleza habari za wavulana wachache waliofundishwa kutembea porini, kuijua njia na kujipikia chakula, kabla mafunzo hayo hayajaenea katika shule za dunia. Wengi hudhani kwamba elimu hiyo ilizaliwa Ulaya. Sisi twaona kwamba sehemu yake si haba ilitoka Afrika, tena ilipatikana vitani.

Mwalimu wa kambi hiyo alikuwa Robert Baden-Powell, jemadari wa Kiingereza. Mwaka 1896 alipigana na Wamatabele katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, na katika milima ya Matopo alizoea kupeleleza usiku na kufuata nyayo, akijifunza pia kwa Mmarekani mmoja aliyeitwa Frederick Russell Burnham. Miaka ya 1899 na 1900 alizingirwa na Makaburu mjini Mafeking kwa siku 217. Humo wavulana wa Kizungu walitumwa kupeleka barua, naye akaona ya kuwa mtoto akiaminiwa kazi ya kweli huitimiza. Lakini haifai tuyanyamazie mengine: katika mzingiro ule Waafrika waliteswa na njaa kuliko Wazungu, na wengi walikufa.

Basi tarehe 1 Agosti 1907 alifungua kambi katika kisiwa cha Brownsea, bandarini Poole, kusini mwa Uingereza. Wavulana walikuwa kama 20. Baadhi walitoka katika shule za matajiri, na wengine walikuwa watoto wa kawaida wa miji ya Poole na Bournemouth. Zamani zile watoto wa namna hizo mbili hawakusoma pamoja wala kula pamoja, na hilo ndilo jambo lililokuwa likijaribiwa hasa. Wenye mali walitozwa pauni moja, na wale wa mjini shilingi 3 na nusu. Kisha wote wakachanganywa katika vikosi vinne, yaani Fahali, Mbwa Mwitu, Kunguru na Sululu, yule ndege wa pwani mwenye mdomo mrefu uliopinda. Kila kikosi kilikuwa na kiongozi wake, mvulana kama wao.

Alfajiri waliamshwa kwa baragumu la pembe ya tandala, ambayo jemadari aliipata katika vita vya Matabele. Jioni, wakiuzunguka moto, aliwasimulia hadithi na kuwafundisha wimbo wa Kizulu. Watoto wa Kiingereza wakiitikia Kizulu kisiwani kwao! Twashangaa kama kuna aliyewaambia ni nini kilichowapata wenye pembe ile.

Kila usiku kikosi kimoja kilishika zamu mbali na wenzake. Walipewa unga, viazi, nyama na chai, na kila mmoja alichukua koti lake kubwa, mablanketi, chombo cha kupikia na kiberiti. Walipofika mahali walipoonyeshwa iliwapasa wawashe moto, wapike, wale, kisha waweke walinzi, kwa maana kabla ya saa tano ya usiku jemadari mwenyewe pamoja na viongozi wa vikosi vingine watakuja wakinyatia ili kuwapeleleza. Mvulana aliyezoea kuandaliwa meza nyumbani kwao hapo hakuwa na wa kumwandalia. Mkate nao una njia yake porini: kinyange kirefu cha unga uliokandwa huzungushwa juu ya kijiti kilichomenywa na kupashwa moto, kijiti kikasimikwa karibu na makaa, kikawa kinageuzwa mara kwa mara. Mwenye haraka hupata mkate ulioungua nje na mbichi ndani.

Njia walijifunza kwa dira na kwa nyota. Huko Brownsea Nyota ya Kaskazini husimama juu, kupita nusu ya mbingu, wala haihami mahali pake, hivi kwamba mtoto akiisha kuijua hapotei upesi.

Kambi ilivunjwa baada ya siku nane. Mwaka 1908 Baden-Powell alitoa kitabu chake kipande kwa kipande, na wavulana wakaanza kuunda vikosi wenyewe kabla hawajaitwa na mtu. Hivyo ndivyo uskauti ulivyoenea.

Mwaka 1938, akiwa mzee, alikuja kukaa Nyeri, katika Kenya, mahali palipo karibu sana na mstari wa ikweta hata ile Nyota ya Kaskazini haionekani. Alifariki huko tarehe 8 Januari 1941, akazikwa papo hapo. Juu ya jiwe la kaburi pamechorwa duara lenye nukta katikati. Katika alama za njia walizofundishwa wavulana wake, maana yake ni: nimekwenda nyumbani.